Je, Kipimo Kilichojengwa kwa Wavulana Kinaweza Kumpima Msichana?

Swali: Msomaji wetu wa Morogoro, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika saikolojia, anakusudia kupima ukuaji wa fikra za kimaadili kwa wanafunzi 120 wa kidato cha tatu, wasichana 60 na wavulana 60, kwa kutumia hatua za Lawrence Kohlberg. Mjumbe mmoja wa jopo lililosikiliza pendekezo lake alimwambia kwamba nadharia hiyo ilijengwa kwa wavulana peke yao, kwa hiyo haifai na aiache. Msimamizi wake anasema hoja hiyo ni ya siasa na haina nafasi katika sayansi. Anauliza yupi kati yao yuko sahihi, na yeye afanye nini.

Jibu: Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla hujaingia shuleni na madodoso yako, kwa kuwa mengi kati ya makosa nitakayoyaeleza hayawezi kurekebishwa baada ya data kukusanywa. Mjumbe wa jopo amesema kweli kuhusu historia, lakini hitimisho lake limevuka ushahidi uliopo. Msimamizi wako naye ana haki ya kukuzuia usiitupe nadharia kwa sababu ya asili yake tu, ila anakosea anapoiondoa jinsia katika sayansi, kwa maana swali la nani alipimwa, nani hakupimwa na nani alifanywa kuwa kigezo cha wengine ni swali la mbinu za utafiti kabla halijawa la siasa.

Tuanze na Kohlberg mwenyewe. Aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1958, na washiriki wake wa msingi walikuwa wavulana 72 wa umri wa miaka 10, 13 na 16 kutoka eneo la Chicago, ambao baadhi yao waliendelea kuhojiwa kila baada ya miaka michache kwa takriban miaka 20. Aliwapa visa vyenye mgongano wa maadili, na kinachofahamika zaidi ni kile cha Heinz, mume ambaye mkewe yu mahututi kwa saratani huku mwenye dawa akidai bei iliyo mara kumi ya gharama yake, na Heinz hana fedha za kutosha. Je, aibe? Kohlberg hakujali sana jibu la ndiyo au hapana. Alichochambua ni sababu ambazo mvulana alizitoa, na kutokana na sababu hizo akapanga hatua sita. Katika hatua ya tatu, mtu huona jema kuwa ni lile linalodumisha uhusiano na kumfanya awe mwema machoni pa watu wake wa karibu. Katika hatua ya nne, jema ni kulinda sheria na utaratibu wa jamii nzima. Katika ya tano na ya sita hutafutwa kanuni zilizo juu ya sheria yenyewe.

Kukosekana kwa wasichana katika kundi la kwanza ni kasoro, lakini kama ingekuwa kasoro pekee ingeweza kuondolewa kwa kuwapima wasichana baadaye. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba maelezo ya kila hatua, pamoja na mpangilio wa ipi iko juu ya ipi, yalitokana na maneno ya wavulana hao, kisha yakatumika kana kwamba ni ngazi ya binadamu wote. Mwaka 1969 Kohlberg na mwenzake Richard Kramer waliandika kwamba hatua ya tatu ni maadili yanayotosheleza maisha ya mama wa nyumbani, ilhali hayamtoshi mwanamume wa biashara au wa taaluma. Hapo unaona jinsi jambo linavyokwenda: mtu anayeanza hoja yake kwa kuuliza nani ataumia na nani atabaki peke yake anahesabiwa kuwa hajakomaa, na kwa kuwa wanawake wengi wa wakati ule walilelewa kuanza na swali hilo, uchache wa wanawake katika ngazi za juu ukaonekana kuwa ugunduzi kuhusu wanawake. Hapakuhitajika mtafiti mwenye chuki ili haya yatokee. Ilitosha kigezo kichaguliwe upande mmoja na asiwepo wa kuuliza.

Aliyeuliza ni Carol Gilligan, aliyekuwa amefanya kazi na Kohlberg huko Harvard. Katika kitabu chake cha mwaka 1982 alidai kwamba kuna sauti mbili za kimaadili, moja ya haki na nyingine ya kujali, na kwamba ya pili si hatua duni ya ile ya kwanza. Nadhani hilo ndilo lililomsukuma mjumbe wa jopo lako. Hata hivyo, Gilligan naye anastahili kuhojiwa kwa ukali uleule. Utafiti wake mashuhuri kuhusu uamuzi wa kutoa mimba ulihusu wanawake 29 na, kwa sababu zinazoeleweka, haukuwa na mwanamume hata mmoja. Kwa hiyo hauwezi kutuambia jinsi wanaume wanavyofikiri wanapokuwa katika tatizo la uzito huo. Yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba sauti aliyoieleza haitambulishwi kwa jinsia bali kwa maudhui yake, lakini wasomaji wengi waliiacha tahadhari hiyo wakaondoka na wazo rahisi kwamba wanaume ni wa haki na wanawake ni wa huruma.

Kisha ukaja ushahidi mpana zaidi, na huu ndio ningependa uuweke mbele ya jopo. Lawrence Walker alipitia mwaka 1984 tafiti zilizotumia kipimo cha Kohlberg kwa jinsia zote mbili, akakuta kwamba nyingi hazikuonyesha tofauti yoyote. Pale ambapo wanawake walipata alama za chini, mara nyingi wanaume waliolinganishwa nao walikuwa na elimu ya juu zaidi au kazi za ngazi ya juu zaidi. Mwaka 2000 Sara Jaffee na Janet Hyde walijumlisha tafiti nyingi kuhusu sauti mbili za Gilligan. Wanawake walielekea kidogo upande wa kujali kwa tofauti ya 0.28, na wanaume walielekea kidogo upande wa haki kwa tofauti ya 0.19, kwa kipimo ambacho watakwimu hukitumia kulinganisha wastani wa makundi mawili na mtawanyiko wake. Ili uone udogo wa namba hizo, tofauti ya 0.28 ina maana kwamba ukichora mchoro wa alama za wanawake juu ya ule wa wanaume, michoro hiyo miwili hufunikana kwa takriban asilimia 89. Huwezi kumtazama mwanafunzi mmoja wa kike na kukisia atajibu vipi.

Kwa hiyo madai kwamba wasichana wanabaki chini katika ngazi ya Kohlberg hayana msingi imara, na madai kwamba wasichana wana maadili ya aina yao pekee hayana msingi imara pia. Rachel Hare-Mustin na Jeanne Marecek walieleza mwaka 1988 kwamba upendeleo wa kijinsia katika saikolojia una pande mbili: kukuza tofauti, ambako waliuita upendeleo wa alfa, na kupuuza tofauti zilizopo, ambako waliuita upendeleo wa beta. Kohlberg alianza na beta, kwa kuchukulia kwamba wavulana wanawatosha wote. Waliomsoma Gilligan kwa haraka wakaangukia alfa. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba dawa ya upendeleo ni kutafuta tofauti kwa bidii zaidi, nao huishia kuandika sura nzima ya majadiliano kuhusu pengo ambalo kesho halitaonekana katika shule ya jirani. Mwaka 2005 Hyde alikusanya matokeo ya mapitio 46 yaliyojumlisha tafiti nyingi kuhusu tofauti za jinsia katika uwezo, tabia na hisia, akakuta kwamba asilimia 78 ya tofauti zilizopimwa zilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Zilizokuwa kubwa zilikuwa chache, kama vile nguvu ya kurusha kitu na baadhi ya mambo yanayohusu tendo la ndoa.

Wapo wanaodhani kwamba ukosoaji huu ulizaliwa na harakati za miaka ya 1970. Sivyo. Ukitaka mfano wa mtafiti aliyeufanya kwa takwimu safi, msome Leta Hollingworth, mwalimu kutoka Nebraska aliyehamia New York na kunyimwa kazi ya kufundisha kwa sababu tu alikuwa ameolewa. Enzi zake ilikubalika kwamba wanaume wanatofautiana wao kwa wao kuliko wanawake, na kwa hiyo wenye akili nyingi mno na wenye akili ndogo mno hupatikana zaidi kwa wanaume. Edward Thorndike, aliyekuwa msimamizi wake katika Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa miongoni mwa walioutetea mtazamo huo. Ushahidi mmoja uliotolewa ni kwamba wavulana walikuwa wengi zaidi katika taasisi za watu wenye ulemavu wa akili. Hollingworth hakubisha kwa maneno. Alizichunguza kumbukumbu za watu waliopelekwa kupimwa akili New York, akaona kwamba wavulana walizidi katika umri mdogo, lakini katika umri mkubwa wanawake ndio waliokuwa wengi. Maelezo yake yalikuwa kwamba mvulana mwenye akili nzito hugundulika mapema kwa kuwa anatarajiwa kutoka nje na kujitafutia riziki, ilhali msichana wa hali hiyohiyo hubaki nyumbani akiosha vyombo na kulea watoto, na hakuna anayemhesabu hadi mume afe au familia isambaratike. Mwaka 1914, pamoja na Helen Montague, alipima pia uzito na urefu wa watoto wachanga 2,000, nusu wavulana na nusu wasichana, na hakukuta kwamba wavulana wanatofautiana zaidi.

Mwaka huohuo alichapisha tasnifu iliyochunguza imani kwamba hedhi hupunguza uwezo wa akili wa mwanamke, imani iliyokuwa ikitumiwa kumzuia asipewe kazi zenye dhamana. Aliwapima wanawake mara kwa mara kwa wiki nyingi, na wanaume wawili aliwapima sambamba nao, akakuta kwamba alama hazikufuata mzunguko wa mwezi. Kinachonivutia ni kwamba aliyafanya haya chini ya msimamizi mwenye maoni yaliyo kinyume na yake, na Thorndike, kwa sifa yake, aliyapokea matokeo.

Nimekaa kwa Hollingworth kwa sababu kosa alilolifichua bado liko nasi. Leo Kanner alipoeleza usonji mwaka 1943, watoto wake 11 walikuwa wavulana 8 na wasichana 3. Mwaka uliofuata Hans Asperger aliwaeleza wavulana wanne. Maelezo hayo yakawa kiini cha vigezo, vigezo vikawapata zaidi wavulana, na wavulana hao wakawa sampuli za tafiti zilizofuata. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kuna wavulana wanne kwa kila msichana mmoja. Mapitio ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwiano unakaribia watatu kwa mmoja, hasa katika tafiti zilizowatafuta watoto katika jamii nzima badala ya kuwategemea waliokwisha kupelekwa kliniki. Wasichana waliozidi hapo hawakuzaliwa upya. Walikuwepo, ila hakuna aliyewatazama.

Usidhani pia kwamba kumwajiri msaidizi wa kike kutaondoa tatizo. Mwaka 1970 Inge Broverman na wenzake waliwauliza wataalamu 79 wa afya ya akili, wanaume 46 na wanawake 33, waeleze sifa za mtu mzima mwenye afya bila kutaja jinsia, za mwanamume mwenye afya, na za mwanamke mwenye afya. Picha ya mtu mzima na ya mwanamume zilikaribiana. Ya mwanamke ilitofautiana nazo, akionekana mtiifu zaidi, asiyejitegemea sana na mwepesi kuumia hisia. Wataalamu wa kike walijibu kama wenzao wa kiume. Tunaulea mtazamo huo sote.

Kwa kuwa utafiti wako unafanyika Tanzania, kuna kazi mbili za ukanda wetu ambazo ningependa zikae katika sura yako ya pili, kwa maana vitabu vya kiada vya nje havizipi nafasi inayostahili. Ya kwanza ni ya Carol Ember, iliyochapishwa mwaka 1973, kuhusu watoto wa Kijaluo wa eneo la Oyugis, Kenya. Katika baadhi ya nyumba hakukuwa na binti wa umri wa kufaa, kwa hiyo mvulana alipewa kupika, kulea mtoto na kazi nyingine zilizohesabiwa kuwa za kike. Ember aliwachunguza watoto hao katika shughuli zao za kawaida, akaona kwamba wavulana waliofanya kazi hizo, hasa zile za ndani ya nyumba, tabia zao zilisogea kuelekea za wasichana: ubinafsi wao ulikuwa mdogo kuliko wa wavulana wengine. Thamani ya utafiti huu iko katika jinsi wavulana hao walivyopata kazi zile. Kwa sehemu kubwa hawakuchaguliwa kwa upole wao. Mpangilio wa watoto waliozaliwa ndio uliowachagua. Mtafiti anayepima wasichana na wavulana bila kuuliza kila mmoja anafanya kazi gani nyumbani anaweza kuita jinsia kile ambacho ni matokeo ya majukumu.

Kazi ya pili ni ya Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List, ya mwaka 2009, iliyofanyika kwa Wamasai wa Tanzania na kwa Wakhasi wa kaskazini mashariki mwa India, ambao urithi wao hupitia upande wa mama. Kila mshiriki alirusha mpira wa tenisi mara 10 katika ndoo iliyo umbali wa mita 3, baada ya kuchagua ama alipwe kwa kila mpira ulioingia, ama ashindane na mtu asiyemwona na alipwe mara tatu akimshinda. Kwa Wamasai, asilimia 50 ya wanaume na asilimia 26 ya wanawake walichagua kushindana. Kwa Wakhasi, wanawake walikuwa asilimia 54 na wanaume asilimia 39. Sitaki uyachukue matokeo haya kupita kiasi: jamii hizi mbili zinatofautiana katika mambo mengi mbali na urithi, na jamii mbili ni chache mno kuthibitisha kwamba urithi ndio sababu. Kinachothibitika ni kidogo lakini kizito, kwamba tofauti iliyokuwa ikielezwa kana kwamba imo katika maumbile ya mwanamke popote alipo iligeuka upande wa pili mahali pengine.

Sasa turudi kwenye utafiti wako. Hatua za Kohlberg unaweza kuzitumia, kwa masharti. Visa utakavyowasomea wanafunzi viwe na wahusika wakuu wa jinsia zote mbili, na nusu ya kila kundi ipewe toleo lenye mhusika wa kike na nusu nyingine toleo lenye mhusika wa kiume, mgawo ukifanywa kwa bahati nasibu. Ndipo utakapoweza kutenganisha jinsia ya anayejibu na jinsia ya anayejadiliwa. Majibu yaandikwe neno kwa neno na yapewe alama na watu wawili ambao hawajui jibu ni la msichana au la mvulana. Sharti hili la pili huachwa mara nyingi kwa kisingizio cha gharama, nami nakusihi usiliache, kwa sababu katika kupima sababu za kimaadili ndipo matarajio ya anayesahihisha yanapopenya kwa urahisi zaidi. Pamoja na alama za hatua, weka kipengele cha pili kinachorekodi kama mwanafunzi ametaja haki, kujali, au vyote viwili, ili usilazimike kumweka chini mwanafunzi aliyejadili uhusiano kwa undani.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, lazima niseme wazi. Kwa wanafunzi 60 kila upande una uwezekano wa kutosha, yaani takriban asilimia 80, wa kuigundua tofauti iwapo tu ni ya karibu 0.5. Tofauti ya 0.28 ingehitaji watu wapatao 200 kila upande, na ya 0.2 ingehitaji karibu 400. Kutokana na yale yaliyokwisha kupatikana, tofauti kubwa kiasi cha 0.5 haitarajiwi. Basi ukiukosa umuhimu wa kitakwimu, yaani ishara kwamba tofauti si rahisi kuwa ya bahati tu, usiandike kwamba wasichana na wavulana wako sawa, na ukiupata kwa bahati, uwe na wasiwasi kwamba sampuli ndogo imeikuza tofauti hiyo. Ripoti ukubwa wa tofauti pamoja na mipaka yake ya uhakika, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo tofauti halisi inakadiriwa kuwa. Au, jambo ambalo mimi ningelipendelea, badilisha swali lako kuu: badala ya kuuliza kama jinsia inaleta tofauti, uliza kama kazi za nyumbani, malezi ya wadogo na elimu ya mzazi vinahusiana na fikra za kimaadili kwa jinsia zote mbili. Data yako itakuwa na la kusema, na utakuwa umeendeleza pale Ember alipoishia.

Angalia pia ni nani atakosekana. Ukiwahoji wanafunzi baada ya vipindi, wasichana wanaowahi nyumbani kupika na kuchota maji wataondoka, na utakaobaki nao ni wale ambao nyumba zao zina msaidizi au zina maji bombani. Utakuwa umelinganisha wasichana wa nyumba zenye nafuu na wavulana wa nyumba zote. Omba muda ndani ya ratiba ya shule. Andika idadi ya waliokataa na waliokosekana kwa kila jinsia, pamoja na sababu zao kadiri utakavyoweza kuzijua, na jedwali hilo ulitangulize mbele ya matokeo.

Kwa msimamizi wako, nakushauri usimpelekee mabishano kuhusu siasa. Mpelekee mapitio ya Walker pamoja na hesabu ya ukubwa wa sampuli, na mwombe akusaidie kuamua kati ya kuongeza washiriki na kubadilisha swali. Uamuzi huo unaweza kufanyika wiki hii, kabla kibali cha maadili ya utafiti hakijaombwa, kwa maana ukishapata kibali kwa swali la zamani utalazimika kuomba upya.